Mialiko Mia Mbili Iliyoishia Kwenye Barua Taka

Nalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwingine, maana likisemwa na watu wa Kipungani hutiwa chumvi mpaka mimi mwenyewe nashindwa kujitambua: ndiyo, ni mimi niliyewapigia vugo wazee wa watu waliokuja kuposa kwa siri, nikawabandika vibandiko vifuani, nikawasimamisha mbele ya kamera, na yote hayo kwa sababu ya kitufe kimoja cha kompyuta nilichokibonyeza kwa kidole hiki hiki (nikikitazama nakionea haya mpaka leo). Kuna watoto wanaoniita Bi Barua Taka nikipita, na mama zao hujifanya kuwakemea huku wamejifunika midomo kwa leso.

Naitwa Tima. Kwetu Kipungani kinamama husuka mikeka, misala ya kuswalia, vikapu na makanda kwa miyaa, yale majani makavu ya mkoma, na tuna kikundi chetu chenye mwenyekiti, Bi Mwanaesha, mwanamke wa miaka sitini na kitu ambaye akikohoa tu kikao kizima kinanyamaza. Mimi nilikuwa katibu. Ukatibu niliupata kwa sababu niliwahi kukaa Lamu mjini nikasoma kozi ya kompyuta ya wiki chache, nikarudi na cheti ambacho mama yangu alikitundika ukutani kando ya picha ya Makka, na tangu siku hiyo nikawa mtaalamu. Simu ya mtu ikigoma, Tima. Redio ikikoroma, Tima. Siku moja nililetewa hata pasi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikiipokea mikono miwili, naigeuzageuza kama daktari, nasema hii tatizo lake liko ndani.

Sasa mwaka huo tulikuwa na shida ya kweli. Mfanyabiashara aliyekuwa akituchukulia mikeka kwa miaka mingi alihama, na mikeka ikarundikana nyumbani kwa Bi Mwanaesha mpaka akawa anaingia chumbani mwake kwa ubavu. Wenzetu kadhaa walishaanza kunong'ona kwamba kikundi kivunjwe, kila mtu auze kivyake. Tukakubaliana jambo la mwisho: tufanye maonyesho, siku moja tu, tualike wenye mahoteli wa Ras Kitau na Shela, wenye maduka wa Mombasa na Nairobi, waje waione mikeka ikisukwa na waagize. Yakifaulu tunaendelea. Yasipofaulu tunaagana kwa wema.

Bi Mwanaesha alitaka kwenda mwenyewe kwa boti, hoteli baada ya hoteli, akae na watu azungumze nao. Akasema, "Mtu hualikwa kwa mdomo, mwanangu. Nataka wanione mato yangu, nami niwaone yao. Ndia ni hiyo." (Kwetu mato ni macho, na ndia ni njia.)

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ndiyo mwenyekiti na kukaa chini. Badala yake nikasimama. Nikawaeleza kwamba watu wa mahoteli wanaishi ndani ya barua pepe, kwamba mambo ya kuzunguka kwa boti yamepitwa na wakati, na kwamba mimi ningewaalika watu mia mbili kabla chai yangu haijapoa, tena kwa anwani yetu wenyewe yenye jina la kikundi, si hizi anwani za bure ambazo kila mtu anazo. Kinamama wakanitazama kama wanaotazama ndege inapita. Nikajiona mrefu. Bi Mwanaesha hakubishana, alisema tu haya, bismillahi, wewe ndiye uliyesoma.

Nikatafuta kwa simu fundi mmoja wa Mombasa, akatusajilia jina la tovuti lenye neno mikeka na neno Kipungani ndani yake, akanipa na nywila ya mahali jina hilo linapotunzwa. Akaniambia kabla sijaanza kutuma chochote niingie pale niweke zile rekodi zangu. Nikamjibu bila wasiwasi kwamba nitaziweka (rekodi nilizozijua mimi ni za taarabu, lakini sikutaka anione mshamba). Kisha nikajiandikisha kwenye mtambo mmoja wa mtandaoni wa kutuma barua nyingi kwa mpigo, nikapachika picha ya mkeka mwekundu, nikaandika mwaliko mtamu, na kichwa cha barua nikakiandika kwa herufi kubwa tupu: FURSA YA KIPEKEE USIIKOSE HARAKISHA, na alama za mshangao nane, maana nane ilionekana kuwa na heshima kuliko tatu. Anwani za watu nilizikusanya popote, kwenye vipeperushi, kwenye mabango, kwenye daftari kuukuu la marehemu mjomba aliyewahi kufanya kazi hotelini.

Nilipobonyeza kutuma, kikatokea kisanduku cha manjano. Kilisema, kwa Kiingereza kirefu, kwamba jina la tovuti yangu halijathibitishwa na kwamba barua zangu huenda zisifike. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, kimoja cha kuthibitisha sasa na kimoja cha kuruka. Nikabonyeza cha kuthibitisha, ukafunguka ukurasa umejaa herufi na nukta na vistari kama uchawi wa kuandikwa, nikaufunga haraka, nikarudi, nikabonyeza kuruka.

Kikaruka. Mtambo ukaniandikia kwamba barua zote zimetumwa. Nikatoka nje nikawatangazia kinamama, wakapiga vigelegele, na mimi nikanywa chai yangu ikiwa bado ya moto kama nilivyoahidi.

Siku tatu zikapita bila jibu hata moja. Wiki ikapita. Kinamama wakiniuliza, nawaambia kwamba wakubwa hawajibu barua, wakubwa hutokea tu siku yenyewe (sijui hili nililitoa wapi, ila nilipolisema mara ya pili nikaanza kuliamini). Moyoni lakini nilikuwa na wasiwasi, kwa hiyo nikafanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili asingefanya: nikazituma tena zote mia mbili, safari hii kichwa kikisema UMEPATA BARUA YANGU? JIBU LEO LEO. Mtambo ukaniambia tena zimetumwa. Kulikuwa na mstari mwekundu chini unasema anwani nyingi zimekataa (nahisi nyingi ni za lile daftari la marehemu mjomba), sikuushughulikia.

Basi maandalizi yakaanza. Bi Mwanaesha aliuliza wageni wangapi, nikasema tukadirie nusu tu ya walioalikwa, tusijisifu, yaani mia. Ikapikwa biriani ya watu mia. Samaki wakapakwa tui, mahamri yakaumuliwa kwenye makarai ambayo sikujua kama yapo kijijini, ukwaju ukakamuliwa. Mheshimiwa diwani nilimwalika kwa simu, na yeye, kwa kuwa aliitwa kwa simu, alifika saa tatu kamili akiwa na msaidizi mwenye kamera anayerusha mambo yake moja kwa moja mtandaoni. Kinamama walikuwa wamevaa leso mpya za sare, wamekaa kwenye mikeka yao pwani wanasuka, na kando yao wale wa vugo wameshika pembe zao na vijiti. Kwa asiyejua, vugo ni ngoma yetu ya wanawake, pembe zinagongwa huku nyimbo zikiimbwa, na kwetu vugo hupigwa harusini. Tuliamua kuipiga kwa sababu ndiyo tamu kuliko zote. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Saa nne, hakuna mtu. Saa tano kasoro, hakuna mtu. Diwani akatazama saa yake mara ya kwanza. Mimi nikawa natembea ufukweni huku na huku na kisanduku changu cha vibandiko vya kifuani, nimeviandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito, kila kimoja MNUNUZI.

Saa tano na dakika zake ikaonekana boti ya mashine inakuja, imejaa watu.

Sikuweza kujizuia. Nilipunga mkono kama mwehu, vugo likaanza, vigelegele vikapanda mpaka kunguru wakaruka mnazini, na nikaingia majini mpaka magotini na buibui langu jipya, nikiwakaribisha kwa Kiswahili na Kiingereza na Kiarabu kidogo nilichonacho. Wakateremka wazee sita wa makamo, wamevaa kanzu safi na kofia za kazi ya mkono, mmoja kabeba kifurushi cha halua. Nikajiambia moyoni kwamba hawa ndio wenye maduka wa Mombasa, watu wa heshima zao, tazama walivyovaa. Kiongozi wao, ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Mzee Omari, alisimama mchangani akalitazama lile kundi la wanawake wanaopiga vugo, akawageukia wenzake, na nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hatuyanena neno, tushakubaliwa?"

Sikuelewa. Nilidhani anasema habari ya bei. Nikambandika kibandiko cha MNUNUZI kifuani juu ya kanzu yake nyeupe, nikawabandika na wenzake watano, nikawaongoza mpaka kwenye viti vya mbele. Walikwenda kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaoingia msikiti wasioujua.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo saa ile mimi sikulijua, wala mtu mwingine yeyote pale isipokuwa mmoja. Kijijini kuna Bwana Shekuwe, mtu mkimya anayependa mambo yake yawe ya ndani, na ana binti anaitwa Salma. Watu wa Siyu walikuwa wamepeleka salamu kwamba wangependa kuja kumposa Salma kwa kijana wao. Bwana Shekuwe hakuwa ameamua. Kulikuwa na jamaa zake wengine waliomtupia macho binti huyo huyo, na hakutaka uvumi uanze kabla hajapima. Kwa hiyo, kwa hekima zake, akawaambia watu wa Siyu waje siku ya maonyesho yetu, kwa sababu siku hiyo kijiji kizima kitakuwa kimeshughulika na wageni wa Tima, hakuna atakayewaona. Washukie kule chini, nyuma ya minazi, wapite uani. Lakini wazee wale walipokaribia wakaona watu wamejipanga na leso za sare, wakasikia vugo, na mtu anawapungia mkono kwa nguvu zake zote. Wewe ungeshukia wapi?

Diwani alishika kipaza sauti akasimama kuhutubia. Kamera ikamwelekea, kisha ikawaelekea wazee. Akasema Kipungani inajivunia wageni hawa waliosafiri kuja kujionea kilicho bora kabisa hapa kwetu, kilicholelewa na mikono ya kinamama hawa, na kwamba sifa zake zimefika mbali. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akafuta jicho. Diwani akapata moto, akaendelea kwamba wageni wasione haya, wachague wenyewe wapendacho, wakague, washike, na akamalizia, "Ila tafadhali, msirudi kwenu na mmoja tu."

Mzee Omari akainuka pole pole, akarekebisha kofia, akapokea kipaza sauti, kibandiko changu kikimning'inia kifuani.

"Mheshimiwa," akasema, "tunashukuru kwa ukarimu huu, hatujapata kuuona popote. Lakini sisi tumetumwa mmoja tu, na jina lake tunalo. Ni Salma binti Shekuwe."

Kijiti cha vugo kikaanguka, nikakisikia kinavyoanguka mchangani. Kamera ilikuwa bado inarusha. Na kule juu ya njia ya minazi akaonekana Bwana Shekuwe anakuja mbio na kikoi chake, birika la kahawa bado liko mkononi, maana alikuwa amekaa uani kwake anasubiri wageni ambao hawaji, mpaka aliposikia jina la binti yake kwenye kipaza sauti.

Alisimama kati yetu anahema. Akawatazama wazee, akaona vibandiko. Akakisoma kimoja, MNUNUZI, akakisoma na cha pili kama anayetumaini kwamba kitasema kitu kingine. Kisha akanitazama mimi. Nilijaribu kueleza kwamba nilidhani hawa ni watu wa barua pepe, na Mzee Omari naye akawa anaomba radhi kwamba wao walidhani vugo ni lao, na diwani akawa anaomba radhi kwa lile neno lake la mmoja, na katikati ya radhi hizo zote nikasikia sauti ya kicheko cha msichana kutoka kwenye kundi la wasukaji, kicheko cha mtu aliyejizuia mpaka kikamshinda. Alikuwa Salma mwenyewe, yule mmoja aliyejua. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi anasuka.

Bi Mwanaesha ndiye aliyetuokoa. Alikohoa, tukanyamaza, akasema wazee wametoka mbali na chakula kiko tayari, mengine yatazungumzwa kwa faragha kama yalivyokusudiwa. Wazee sita wakaenda kukabiliana na biriani ya watu mia.

Mngedhani yameisha. Diwani, ambaye alikuwa anatafuta mtu wa kumbebesha lawama ya ule mmoja wake, akaniuliza hao wanunuzi mia mbili wako wapi. Nikasema labda bahari imechafuka. Akaitazama bahari, ilikuwa imetulia kama sinia. Akasema nimpigie mmoja simu, sasa hivi, mbele yake, na niweke spika. Msaidizi wake alikuwa hajazima kamera (au alizima, sijawahi kuwa na ujasiri wa kuitafuta ile video niiangalie mpaka mwisho).

Nikaipigia hoteli moja ya Ras Kitau, akapokea mwanamke wa mapokezi anayeitwa Zainabu, sauti yake nzuri, ya upole. Nikamwuliza kama wamepata mwaliko wa kikundi cha mikeka cha Kipungani. Akaniambia nisubiri, nikamsikia anabonyeza bonyeza. Kisha akasema amezipata, ziko mbili, kwenye folda ya barua taka, moja iko chini ya barua inayosema umeshinda bahati nasibu na nyingine juu ya tangazo la dawa ya kipara.

"Dada, nikwambie ukweli," akasema Zainabu, na spika ikawapelekea watu wote, "barua hizi juu yake kuna onyo jekundu, kwamba mtambo umeshindwa kuthibitisha zimetoka kwa mwenye jina. Meneja akasema ni matapeli wanatumia jina la kinamama wa Kipungani. Tumewatahadharisha mahoteli yote kwenye grupu letu la WhatsApp. Na wewe unayepiga, samahani, nitajuaje si mmoja wao?"

Hebu jiwekeni pale. Mbele ya diwani, mbele ya mama yangu, mbele ya wazee wa Siyu wenye vijiko vya biriani hewani, naulizwa kama mimi ni tapeli. Bi Mwanaesha aliichukua simu mkononi mwangu, akasema jina lake, akauliza Zainabu ni binti wa nani, akaambiwa, akasema alimjua bibi yake, na ndani ya dakika mbili Zainabu akawa anacheka. Mimi nilikwenda nikakaa nyuma ya rundo la mikeka nikajifunika mmoja.

Kesho yake asubuhi mimi na Bi Mwanaesha tulipanda boti mpaka Lamu mjini kwa Bi Nuru, yule aliyenifundisha kompyuta. Nilimsimulia yote nikitazama sakafu. Hakunicheka kwanza (alicheka baadaye, akalazimika kutoka nje). Akafungua ile barua yangu, akaingia nyuma ya pazia lake ambako kuna maandishi madogo madogo, akanionyesha sehemu tatu zilizosema imeshindwa, imeshindwa, haipo.

Akatueleza, na akamweleza hasa Bi Mwanaesha, kwa sababu alisema mimi nitajifanya nimeelewa. Akasema barua pepe ni rahisi kuighushi, mtu yeyote duniani anaweza kuandika juu ya bahasha kwamba imetoka kwa kikundi cha Kipungani, kwa hiyo mitambo inayopokea barua haiamini maneno ya bahasha, inakwenda kuuliza kwa mwenye jina. Inauliza kwanza, huyu aliyeleta barua, yumo kwenye orodha ya wale mliowaruhusu kubeba barua zenu? Orodha hiyo inaitwa SPF, na sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo ule mtambo wa kutuma barua nyingi ulifika mlangoni kwa watu kama mjumbe asiyejulikana katumwa na nani. Kisha inatazama muhuri, kama barua imepigwa muhuri ambao ni wewe tu unaweza kuupiga na haikufunguliwa njiani ikabadilishwa. Huo ni DKIM. Hatukuwa nao. Mwisho inatafuta maagizo yako mwenyewe: ikija barua kwa jina langu isiyo na orodha wala muhuri, muifanye nini, ipitisheni, iwekeni kando au itupeni. Hayo ni DMARC, na ndiyo pia yanayokuletea taarifa ya nani anatumia jina lako.

Bi Mwanaesha alisikiliza, akauliza swali moja tu. "Kwa hivyo mashine ilitaka kujua yeye ni wa nani, na nani wamtumile?"

Bi Nuru akasema ndivyo hasa.

"Basi mashine ina adabu," akasema Bi Mwanaesha, na akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Kulikuwa na mengine, na kila moja lilinichoma. Jina letu lilikuwa jipya kabisa, halijawahi kutuma hata barua moja, na siku yake ya kwanza likagonga milango mia mbili kwa mpigo, nusu ya milango hiyo ikiwa nyumba zilizohamwa zamani. Herufi kubwa. Alama nane za mshangao (Bi Nuru alizihesabu kwa sauti). Watu ambao hawakuwahi kutupa anwani zao. Na kule kurudia kutuma. Nikamwambia lakini mtambo ulisema zimetumwa. Akanijibu kwamba kutumwa maana yake zimetoka mkononi mwako, hakuna aliyekuahidi kwamba zimefika, na kufika nako si kuonekana.

Tukaingia na ile nywila ya fundi wa Mombasa, Bi Nuru akanikalisha mbele akasema niandike mwenyewe. Zile herufi za uchawi zilikuwa mistari mitatu ya kunakili na kubandika. Ikachukua muda mfupi kuliko kukuna nazi moja. Tukasubiri saa kadhaa rekodi zienee, tukajitumia barua ya majaribio, na pale penye imeshindwa, imeshindwa, haipo, pakaandikwa imepita, imepita, imepita. Nililia kidogo. Bi Mwanaesha akanipa ncha ya leso yake.

Lakini jina lililochafuka halisafishwi na mistari mitatu. Siku zilizofuata nilipanda boti na Bi Mwanaesha, Ras Kitau, Shela, hoteli baada ya hoteli, yeye akiwa mbele na msala mmoja mkononi kama kielelezo, mimi nyuma nikibeba vikapu na aibu. Kila mahali aliniambia nijitambulishe, nami nikasema mimi ndiye yule tapeli mliyetahadharishwa, na watu wakacheka wakatupa chai. Zainabu alitoa barua zetu kwenye taka mbele ya macho yetu, akabonyeza kwamba hizi si taka, akaandika kwenye grupu lao kwamba kinamama ni wa kweli, amewaona. Wengine wakatupa anwani zao kwa hiari yao wenyewe, na hao ndio niliowaandikia, wachache wachache, kila siku kidogo, kwa herufi ndogo na bila mshangao hata mmoja.

Kisha tukafanya maonyesho ya pili, wakaja watu kumi na mmoja. Mkeka wa mwisho uliokuwa chumbani kwa Bi Mwanaesha uliondoka saa nane mchana, na kikundi hakikuvunjwa.

Bwana Shekuwe alichukua wiki mbili kuwajibu watu wa Siyu. Alimwuliza Salma, na Salma akasema kijana amekwisha kumjua kwa sifa, na zaidi ya hayo wazee waliovumilia kubandikwa vibandiko na kupigiwa vugo bila kosa ni watu ambao mtu anaweza kuishi nao. Ndoa ikafungwa. Bwana Shekuwe aliweka sharti moja, kwamba Tima asikaribie mialiko, na sharti hilo lilisimamiwa barabara. Mimi nilialikwa kwa mdomo, na Bwana Shekuwe mwenyewe, mlangoni kwangu, akasimama muda kidogo kama anayetaka kuninunia, kisha akashindwa, mabega yakaanza kumtikisika, akaondoka akicheka peke yake mpaka mwisho wa uchochoro.

Wiki iliyopita kikundi kimoja cha Kiwayu kilinipigia kuniomba nikawafundishe kutuma barua. Nimekubali. Nimewaambia wachukue daftari, waandike neno la kwanza kabla sijafika: mtu anayewapokea wageni asiwe yule aliyewaandikia, maana huyo kila anayeteremka botini humwona ni mgeni wake. Na mimi nafsi yangu nimeapa, kwa kila ninachokiheshimu, kwamba barua nikishaituma, hata ikinionyesha imepita mara tatu, napiga simu.